Damu Inapelekwa Wapi?

Mbu anayeeneza matende huuma usiku, na vimelea vya ugonjwa huo vimeizoea ratiba yake. Mchana kutwa hujificha ndani kabisa ya mwili. Usiku ukishakuwa mwingi, ndipo hujitokeza kwenye mishipa midogo iliyo karibu na ngozi. Mtaalamu anayetaka kuviona kwenye hadubini hana budi kutoa damu usiku, watu wakiwa wamelala.

Mwaka 1949, wakati Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, kitengo cha utafiti wa ugonjwa huo kilifunguliwa Mwanza. Miaka iliyofuata, kazi ya uchunguzi wa afya katika Jimbo la Ziwa iliwafikisha wapimaji hadi visiwani, Ukara kikiwa kimojawapo. Hebu fikiria kaya moja ya huko enzi hizo. Mbwa wanabweka, kandili inakuja njiani, na nyuma ya kandili kuna wageni wenye vioo vidogo na sindano. Wanataka tone la damu la baba, la mama, la kila mtoto. Hawajaitwa na mtu, na wengi wa wanaoamshwa hawaumwi. Asubuhi wageni wamekwenda zao, na damu wamekwenda nayo.

Afrika Mashariki nzima ya wakati ule ilikuwa imejaa habari za mumiani, wale watu waliosemekana kuvizia wenzao na kuwanyonya damu ili iuzwe au itengenezewe dawa. Kenya na Uganda waliwaita wazimamoto. Mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi hizo na kuzitolea kitabu mwaka 2000, na hoja yake kubwa ni kwamba simulizi hizi zilikuwa njia ya watu kuzungumza juu ya mambo waliyoyaona kweli: magari yasiyoeleweka, waajiri, madaktari, na mamlaka isiyotoa maelezo. Mimi naongeza jambo moja. Mtu anayeuliza damu yake inapelekwa wapi ameuliza swali la kitabibu. Anataka kujua sampuli yake inachukuliwa kwa nini, nani ataitunza, majibu yatarudi lini, na faida ni ya nani. Hospitali yoyote nzuri ya leo inatakiwa kuwa na majibu ya maswali hayo manne. Wakati ule swali lilihesabiwa kuwa ushirikina, na likabaki mikononi mwa wananchi kwa zaidi ya nusu karne.

Uhuru ulibadilisha mengi, na ni haki kuyataja. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni mbili, katika vikundi vya kusomea vijijini, walikaa kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakafungua kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka vichaka na kufukia madimbwi. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamefundishwa kuendesha mijadala hiyo. Ni nchi chache duniani zilizowahi kuwakalisha wananchi wengi namna hiyo wazungumzie afya zao. Hata hivyo mada zilipangwa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya mazungumzo ilihusu kile ambacho mwanakijiji alitakiwa kufanya nyumbani kwake. Nafasi ya mwanakijiji kusema zahanati nayo ifanye nini ilikuwa finyu.

Miaka mitano baadaye, Septemba 1978, mkutano wa kimataifa uliofanyika Alma-Ata, katika Umoja wa Kisovyeti, ulitamka kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Tanzania ya Azimio la Arusha haikuhitaji kushawishiwa sana. Ugumu ulikuwa kulitoa neno hilo kwenye karatasi na kulifikisha kwenye foleni ya dirisha la dawa.

Wakati huo Mwanza ilishapata hospitali yake kubwa. Kanisa Katoliki lilijenga Bugando juu ya kilima kinachotazama mji na ziwa, ikafunguliwa rasmi mwaka 1971, ikataifishwa mwaka 1972, na mwaka 1985 ikarudishwa chini ya Baraza la Maaskofu kwa makubaliano na serikali. Leo ni hospitali ya rufaa ya kanda nzima, na chuo kikuu cha tiba kilicho hapo hapo kimekuwa kikifundisha madaktari tangu 2003.

Mgonjwa wa Kanda ya Ziwa hapandi kilima kile peke yake. Ametoka Ukerewe kwa meli, au Geita, Sengerema au Simiyu kwa basi la alfajiri, na ameongozana na mtu: dada, shangazi, mke, mara nyingine mtoto wa miaka 14 aliyeacha shule kwa muda. Huyo ndiye anayemuuguza. Anafua, anapika au kununua uji, anakimbia duka la dawa, analala pale anapopata nafasi ya kulala. Katika wodi nyingi za nchi hii muuguzi mmoja ana wagonjwa wengi kuliko uwezo wake, hivyo anayeuguza ndiye huona kwanza kwamba dripu imesimama, kwamba kidonda kimeanza kutoa harufu, kwamba sindano ya saa nane usiku haikuja, kwamba mgonjwa aliyekuwa akijibu tangu jana leo anatazama tu. Kisha raundi ya madaktari inafika na ndugu wote wanaambiwa watoke nje. Mtu mwenye habari za saa 24 za mgonjwa anangoja koridoni wakati watu wenye dakika tano wanaamua. Hilo si la Mwanza peke yake, wala si la hospitali moja. Nalisema kwa sababu hasara yake ni kubwa na dawa yake haihitaji bajeti: ni kumwuliza, kabla hajatoka, usiku ulikuwaje.

Jina la Mwanza lilienea duniani kwa utabibu katika miaka ya 1990. Ukimwi ulikuwa umeshaingia katika kila mtaa wa kandokando ya ziwa. Kati ya 1991 na 1994, AMREF, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na chuo cha tiba ya kitropiki cha London walifanya jaribio katika jumuiya 12 za vijijini mkoani humo. Katika sita, wahudumu wa vituo vya afya na zahanati walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili ambazo mgonjwa mwenyewe anazieleza, dawa zikahakikishwa kuwapo, wasimamizi wakapita mara kwa mara, na wanakijiji wakatembelewa, wakaelezwa juu ya magonjwa hayo na kuhimizwa kwenda kutibiwa mapema. Jumuiya sita nyingine ziliendelea kwa muda huo na huduma za kawaida. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 1995: maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40 pale huduma zilipoboreshwa. Lilikuwa jaribio la kwanza la aina yake kuonyesha hivyo.

Watafiti wameandika mengi juu ya sababu za matokeo yale. Mimi nayasoma hivi: zahanati ya kawaida, yenye dawa na mhudumu anayesikiliza maelezo ya mgonjwa bila kumtukana, inaokoa maisha. Tiba ile kwa sehemu kubwa ilisimama juu ya maneno ya mgonjwa. Asiyesema dalili zake kwa aibu, au aliyefokewa akanyamaza, hangeweza kutibiwa kwa njia ile. Lakini kuhusu namna kituo kinavyoendeshwa, mwananchi alikuwa bado hajapewa kiti mezani.

Kiti hicho kilikuja kupatikana mjini, na waliokikalia ni wanawake ambao mji ulikuwa umezoea kuwapita bila kuwaona.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa taasisi zile zile walianza matayarisho ya jaribio la jeli ya ukeni iliyotarajiwa kumkinga mwanamke na virusi vya Ukimwi. Waliwaendea wahudumu wa baa, wa gesti na hoteli, mama lishe, na wauza pombe za kienyeji vilabuni. Wengi katika kazi hizo wametoka vijijini kutafuta riziki, mshahara ni mdogo au hauji, na mwenye baa anaweza kumfukuza mtu kwa kuchelewa asubuhi moja. Kliniki za kuhamahama zikaanzishwa katika kata kumi za jiji, zikawafuata karibu na vibanda vyao.

Hapo ndipo swali la zamani lilipojitokeza tena. Damu hii yote ni ya nini? Inapelekwa wapi? Inauzwa? Na halikuja peke yake. Wanawake walitaka kujua juu ya kile kifaa cha kuchunguzia ukeni: anayetoka kuchunguzwa ameacha kifaa, anayeingia anachunguzwa na kifaa, je, ni kile kile? Kimesafishwa vipi, na nani ameona kikisafishwa? Walilalamika kwamba majibu ya maabara yanachelewa. Walizungumzia nauli.

Yatazame maswali hayo kwa jicho la mtu anayeshughulikia usalama wa wagonjwa. La kifaa ni udhibiti wa maambukizi. La majibu kuchelewa ni uchunguzi usiomfikia mwenyewe, mojawapo ya makosa yanayoumiza watu wengi katika hospitali za nchi tajiri pia. Hakuna aliyewafundisha wanawake wale istilahi hizo. Walilalia kitanda, wakaona.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niiandike historia hii. Kata ziligawanywa katika maeneo madogo, na wanawake wa kila eneo wakachagua mwakilishi wao. Wakachaguliwa wawakilishi wa kata, na juu yao ikaundwa kamati ya ushauri ya jiji, kila kata ikiwa na mtu wake. Pembeni kulikuwa na kundi la wadau, yaani wakuu wa huduma za serikali na mashirika, na humo nako kamati ilipewa viti viwili. Mhudumu wa baa akawa anakaa meza moja na watu ambao siku nyingine angewakuta nyuma ya dirisha.

Warsha zao hazikuwa za hotuba. Moja ya mbinu walizotumia ni michoro ya chapati. Unakata karatasi katika miduara, mikubwa na midogo. Mduara mkubwa ni jambo zito, mdogo ni jepesi. Ukiuweka karibu na katikati maana yake jambo hilo linakugusa sana, ukiuweka mbali linakugusa kidogo. Mtu asiyejua kuandika anaweza kuinuka, akauchukua mduara wa mwenzake na kuusogeza, na hapo hapo ubishi unaanza: kwa nini umeuweka huko? Mbinu nyingine ni kulinganisha shida mbili mbili. Kusubiri muda mrefu na nauli, kipi kinauma zaidi? Kusubiri na majibu kuchelewa? Mpaka shida zote zimeshindanishwa na orodha imejipanga yenyewe. Aliyewahi kukaa katika kikao ambacho mwenyekiti anauliza "kuna swali?" na watu wote wanatazama chini atatambua thamani ya karatasi zile.

Mapendekezo yaliyotoka katika mwaka wa kwanza wa jaribio lenyewe, lililoanza 2005, yameandikwa katika majarida ya kitaalamu. Huduma zipangwe upya ili muda wa kusubiri upungue. Watoto na wenzi wa washiriki nao watibiwe. Malaria na maradhi mengine ya kila siku yatibiwe pale pale, mtu asiambiwe aende kwingine kwa sababu homa yake haimo katika utafiti. Na wale watakaogundulika kuwa na virusi wafikishwe kwenye dawa za kufubaza, wapate matunzo karibu na wanakoishi, tena huduma hizo zisikome jaribio likiisha. Kumbuka ni miaka gani hiyo. Mpango wa taifa wa kutoa dawa hizo bure ulikuwa umeanza 2004 tu. Wanawake hao walikuwa wanadai, kama jambo la haki, kitu ambacho nchi nzima ndiyo kwanza ilikuwa inajifunza kukitoa.

Kuna watakaosema kusubiri ni kero, si usalama. Nabisha. Mama lishe aliyefika saa mbili asubuhi akiwa ameacha sufuria kwa jirani, ikifika saa tano atainuka aende, hata kama yupo wa tatu kwenye foleni. Ameondoka na ugonjwa wake, na ameondoka bila majibu. Kwenye daftari la kliniki ataandikwa kuwa hakufika.

Na swali la damu halijibiwi kwa kukemea uvumi. Linajibiwa kwa kumwonyesha mtu chupa, kiasi kinachochukuliwa, jina la kipimo, mahali sampuli inakokwenda na siku majibu yatakaporudi, kisha majibu yarudi siku hiyo kweli. Majibu yasiporudi, uvumi una haki ya kuendelea.

Jeli yenyewe haikufanya kazi. Jaribio lilihusisha wanawake 9,385 katika nchi nne: Tanzania, Uganda, Zambia na Afrika Kusini. Jeli zilizojaribiwa zilikuwa mbili, na Februari 2008 ile ya nguvu zaidi ilisimamishwa kwa kuwa haikuonyesha dalili ya kufaa, na Desemba 2009 ikatangazwa kwamba hata ile iliyobaki haikuzuia maambukizi. Kwa walioweka miaka yao humo lilikuwa pigo. Lakini kamati ile ya jiji ilikuwa imeshathibitisha jambo ambalo halikutegemea jeli: wanawake waliodharauliwa kuliko wote mjini walijua kliniki inakosea wapi, na walipopewa njia ya kusema, mapendekezo yao yalikuwa ya maana kwa yeyote anayepanga huduma.

Miaka ile ile dunia ya matajiri nayo ilikuwa inafikia hapo kwa njia yenye machozi mengi. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa wagonjwa kwa ajili ya usalama wa wagonjwa, na kutoka humo likazaliwa Azimio la London, lililoandikwa na wagonjwa na ndugu zao walioumizwa na makosa ya tiba. Mmoja wa viongozi wa mpango huo, Margaret Murphy wa Ireland, alimzika mwanawe Kevin, kijana wa miaka 21, mwaka 1999, baada ya dalili zilizokuwa wazi kwenye vipimo vyake kupita mikononi mwa watu bila kuunganishwa. Ng'ambo ya ziwa letu, Kampala, Regina Kamoga na shirika lake la CHAIN wamekuwa sauti ya Afrika katika mtandao huo. Tangu 2019, Septemba 17 ni siku ya usalama wa wagonjwa duniani, na kaulimbiu ya 2023 ilihusu kuwashirikisha wagonjwa. Mwanza ingeweza kuhutubia siku hiyo kwa uzoefu wake yenyewe.

Shida ya miradi ni kwamba ina tarehe ya kuisha. Kamati iliyoundwa kwa fedha za utafiti huishi kwa muda wa utafiti. Kinachobaki ni kile kilichoandikwa katika mfumo wa nchi, na bahati nzuri kimeandikwa. Mageuzi ya sekta ya afya yaliyoanza miaka ya 1990 yalileta bodi za afya za halmashauri na kamati za usimamizi wa vituo, zenye wajumbe wanaotoka kwa wananchi wenyewe. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati hiyo ndiyo inayotakiwa kupitia mpango na matumizi yake. Kuanzia 2015 vituo vimekuwa vikipewa nyota, sifuri hadi tano, na moja ya mambo yanayopimwa ni jinsi kituo kinavyowasikiliza wateja wake. Katika duru ya kwanza vituo vingi mno havikufikia nyota tatu zilizolengwa. Katika wilaya za Misungwi na Kwimba, mradi wa Mama na Mtoto ulifanya kazi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliochaguliwa vijijini mwao, kwa hiyo si kweli kwamba watu wa vijijini hawana la kuchangia wakipewa nafasi.

Ila kamati nyingi zinaishia kwenye mhuri. Wajumbe wanaitwa kusaini mpango uliokwisha kuandikwa. Sanduku la maoni limetundikwa ukutani na kufuli lake, na ukiuliza ufunguo uko kwa nani, unaambiwa ni kwa mganga mfawidhi, yaani yule anayelalamikiwa ndiye anayefungua. Mjumbe anakaa miaka mitatu bila kuuliza vifaa vya chumba cha kujifungulia vinasafishwaje, kwa sababu anaona hilo ni la wataalamu. Wanawake wa kata kumi za Mwanza waliliuliza, na walikuwa na haki ya kuliuliza.

Ndugu msomaji, kamati ya zahanati au kituo chako inatakiwa kukutana kila robo mwaka. Nenda uulize majina ya wajumbe wake, wengi wetu hatuwajui. Uliza kikao cha mwisho kilikaa lini, malalamiko gani yalifikishwa, na nini kilibadilika baada yake. Kama nafasi ipo wazi, ombeni na mchague mtu aliyewahi kuuguza wodini, awe mama lishe, mvuvi au mkulima. Na siku utakapotolewa damu, uliza kwa upole inapelekwa wapi na majibu utayapata lini. Mhudumu anawajibika kukujibu.